Asubuhi za Coaster Kugoma Kuwaka

Gari langu ni Toyota Coaster ya zamani ambayo ilibeba abiria kwa miaka mingi kabla haijaangukia mikononi mwangu. Nilitoa viti vyote vya nyuma, nikafunga kitanda, jiko dogo la gesi, friji ya volti 12 na rafu za kupangia ndoo, kwa sababu kazi yangu ni kununua asali na nta kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Ipole, mkoani Tabora, na vijiji vya njia ya Inyonga, ambako nyumba ya kulala wageni mara nyingi iko mbali na mahali ninapopimia mzigo. Injini yake ni 1HZ, ile ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990 na ambayo huku kwetu inaonekana pia kwenye Land Cruiser nyingi. Ni injini isiyo na kompyuta yoyote ya kuisumbua. Kwa hiyo ilipoanza kunigomea asubuhi, nilidhani tatizo litaonekana ndani ya nusu saa. Lilinichukua karibu miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu kila fundi niliyemwendea nilimwambia maneno yaleyale: inawaka kwa shida.

Maneno hayo yanaficha magonjwa yasiyofanana. Kuna injini ambayo stata huizungusha kwa kujikongoja, kama mtu anayepanda kilima na gunia mgongoni, mpaka mwisho husikii tena isipokuwa mlio wa tiki-tiki. Kuna inayozunguka kwa kasi nzuri huku bomba likitoa moshi mweupe wa dizeli mbichi unaowasha macho. Hiyo dizeli inaipata, ila haichomeki. Kuna inayozunguka kwa kasi ileile lakini bomba halitoi hata uzi mmoja wa moshi. Hiyo haipati dizeli. Na kuna inayowaka vizuri alfajiri, lakini ikizimwa mchana ikiwa moto hukataa mpaka ipoe, na hapo wenye uzoefu hufunika pampu ya dizeli kwa kitambaa kilicholowa maji. Ikiwaka baada ya hapo wanajua kwamba pampu imelika ndani, kwa maana dizeli iliyopata moto huwa nyepesi na kupenya palipolika badala ya kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza. Ugonjwa huo wa mwisho sikuwa nao. Ile mitatu ya kwanza nilikuja kugundua kwamba ninayo yote, kwa zamu, na mmoja kati yake niliununua kwa fedha yangu.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa inayoingia kwenye silinda hubanwa zaidi ya mara ishirini, joto lake likapanda kupita nyuzi 500, kisha nozeli ikanyunyiza dizeli ambayo hujiwasha yenyewe kwa joto hilo. Ili hayo yatokee injini iliyolala usiku kucha lazima izungushwe kwa kasi, kwa sababu ikizunguka polepole hewa huvuja pembeni mwa pistoni na joto lake hunyonywa na chuma baridi kabla halijafika kiwango cha kuwasha. Tena 1HZ hainyunyizi dizeli juu ya pistoni moja kwa moja bali kwenye kijichumba kilichochongwa ndani ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na kuta za kijichumba hicho hula joto jingi, ndiyo maana imewekewa hita plagi sita za kukipasha kabla ya kupiga stata. Wenzetu wa Kanada na Ulaya ya Kaskazini, ambako dizeli yenyewe huganda kama mafuta ya mgando, huchomeka injini kwenye umeme wa nyumba usiku ili isipoe. Tabora haina baridi ya namna hiyo. Hata hivyo tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, ambao kwa bahati mbaya ndio msimu wangu mkubwa wa asali, baridi inatosha kufichua udhaifu ambao mwezi Oktoba hauonekani kabisa.

Fundi wa kwanza hakuniuliza swali lolote. Alisikia neno asubuhi na neno baridi, akasema ni hita plagi, akazing'oa zote sita, akazitupa bila kuzipima na kufunga mpya. Kwa siku tatu gari liliwaka kwa namna ambayo nilianza kumsifia kwa watu. Siku ya nne, nikiwa Sikonge, lilizunguka huku likifukiza moshi mweupe uliofunika kibanda cha mama wa chapati, nami nikaomba radhi kwa kununua chapati kumi. Fundi aliponiambia kwa simu nimwage petroli kidogo kwenye kitambaa na kukiweka kwenye mdomo wa hewa, nilikataa, na sijutii. Petroli na zile dawa za kopo za kuwashia hulipuka mapema mno, hasa hita plagi zikiwa bado nyekundu, na mlipuko unaompata pistoni akiwa bado njiani kupanda unaweza kumpasua au kupinda fimbo yake.

Mtu aliyenitoa kwenye kubahatisha ni mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, aliyetumia ujana wake kutengeneza injini za treni na ambaye sasa hupokea gari moja kwa siku chini ya mwembe wa uani kwake. Nilimkuta anaosha nozeli kwenye bakuli la mafuta ya taa.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, Bwana Asali. Limekufanya nini?"

"Asubuhi haliwaki mpaka nizungushe sana."

"Sana ni sekunde ngapi? Na moshi ulikuwa wa rangi gani? Jana ulilala umeelekeza pua wapi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Swali la pua ya gari nililiona la ajabu, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu hakulirudia. Aliniomba nifungue kifuniko cha injini, ambacho kwenye Coaster kiko ndani, kati ya kiti cha dereva na cha utingo, akafungua ukanda wa chuma unaounganisha hita plagi zote, kisha akapima moja baada ya nyingine kwa mita ya umeme. Ukanda huo usipouondoa, plagi nzima huzibebea zilizokufa na mita haikuambii lolote la maana. Nne kati ya sita hazikupitisha umeme kabisa. Alizing'oa, akaifuta moja kwa kidole gumba, akanipa miwani yake nisome kilichochongwa shingoni: volti 12. Coaster yangu, kama zilivyo nyingi zilizokuja kutoka Japani, hutumia volti 24. Plagi za Land Cruiser huingia kwenye tundu bila ubishi, hupata umeme mara mbili ya uwezo wake, huwaka nyekundu kwa haraka inayofurahisha, na siku chache baadaye hukatika. Tulitafuta za volti 24, tukafunga, na moshi mweupe ukaisha. Huo ndio ugonjwa niliosema kwamba niliununua.

Ila mzee hakuniruhusu nifurahi. Alisema tumeondoa kosa la fundi, bado hatujagusa kosa la gari. Akaniagiza nirudi kazini na daftari, niandike kila asubuhi nilikolala, pua ya gari ilielekea juu, chini au sawa, nilitumia vitu gani vya umeme usiku, stata ilizungusha kwa kasi au kwa uvivu, kwa sekunde ngapi, na moshi ulikuwaje. Kila mzunguko usizidi sekunde kumi, alisema, na kati ya mmoja na mwingine nipumzishe stata dakika moja, la sivyo nitamletea na stata.

Niliyaandika nyuma ya daftari langu la mizani, ambalo mbele lina majina ya wafugaji na kilo zao. Kurasa hizo ninazo hadi leo, na nta imeshikamanisha mbili kati yake. Usiku wa kwanza, tambarare, friji imezimwa: sekunde tatu. Wa pili, tambarare, friji imewashwa usiku kucha: uvivu, sekunde tisa, limewaka. Wa tano, pua juu kwenye mteremko karibu na Ipole, friji imezimwa: kasi nzuri, hakuna moshi, sekunde kumi mara nne, limewaka likikohoa. Wa nane, pua juu na friji imewashwa: halikuwaka. Siku hiyo vijana saba walilisukuma, wakalishwa asali, na kwa kuwa gari lilikuwa na ndoo zaidi ya ishirini za mzigo, waliistahili kila tone. Kufikia usiku wa kumi na sita sikuhitaji fundi kunitafsiria. Kulikuwa na magonjwa mawili yaliyokuwa yakipokezana, na yakikutana usiku mmoja, ninasukumwa.

Nilianza na la umeme kwa kuwa lilionekana jepesi, na hapo ndipo nilipoona jinsi namba sahihi inavyoweza kumdanganya mtu. Fundi wa kwanza alikuwa amepima betri zangu mbili kwa pamoja, zikaonyesha 24.6, akasema ni nzima. Jumla hiyo kweli haitishi. Betri mbili zilizojaa barabara hutoa kama 25.2. Mzee alipima kila moja peke yake: ya juu ilikuwa na 12.7, ya chini 11.9. Ya kwanza imejaa, ya pili imekaribia kwisha, na jumla yake inaficha jambo hilo vizuri kabisa. Nilipopiga stata huku yeye ameshika mita, ya juu ilishuka hadi 10.3, jambo la kawaida, na ya chini ikaporomoka hadi 7.4. Betri ya volti 12 inayoshuka chini ya 9.6 hivi wakati wa kupiga stata haina nguvu ya kutosha, na kwa kuwa zimeunganishwa kwa kufuatana, stata hupata kile ambacho iliyo dhaifu inaruhusu.

Sababu ilikuwa friji. Fundi aliyenifungia alihitaji volti 12 kwenye gari la volti 24, akaunganisha waya zake kwenye betri moja tu, ile ya chini, ambayo upande wake hasi umefungwa kwenye bodi. Kila usiku betri hiyo ililisha friji, taa na chaji ya simu peke yake wakati mwenzake amelala. Mchana alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ilipeleka volti 28 hivi kwa zote mbili kwa mpigo, bila kujua kwamba mmoja ana njaa na mwingine ameshiba. Aliyeshiba akapitilizwa hadi maji yake yakawa yanachemka, mwenye njaa hakuwahi kujaa. Na dalili nilikuwa nayo mkononi muda wote. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiongeza maji ya betri upande mmoja tu, nikijiambia kwamba hii moja inakunywa sana, bila kujiuliza kwa nini mwenzake haguswi na kiu.

Kuna njia tatu za kuliondoa tatizo hilo. Unaweza kufunga kifaa cha kusawazisha betri mbili, au kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinachovuta kutoka kwenye zote mbili kwa usawa, au ukaitenga nyumba na gari kabisa. Nilichagua ya tatu: betri nyingine chini ya kitanda, paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa na kidhibiti chaji chake, na hakuna waya hata mmoja wa friji unaogusa betri za stata. Hizo mbili za stata nilizibadilisha pamoja, za ukubwa mmoja na umri mmoja, kwa sababu ukiweka mpya kando ya iliyochoka unarudi palepale. Tulisugua pia vichwa vya betri na mahali waya hasi unapofungwa kwenye bodi, ambapo kulikuwa na kutu ya kijani. Mzee aliniuliza pia kuhusu oili. Nilikuwa nimewekewa nzito ya namba 40 kwa hoja kwamba injini ni ya zamani. Tulirudi kwenye 15W-40, ambayo huwa nyepesi zaidi injini ikiwa baridi, na stata ilinishukuru.

Likabaki la mlima, ambalo nililipenda zaidi, pengine kwa sababu lilikuwa na ujanja.

Dalili zilisema kwamba dizeli haifiki. Tulianza na vinavyopimwa bila spana. Ufunguo ulipogeuzwa, solenoidi ya pampu ililia ta!, maana yake mlango wa dizeli unafunguka. Tuliifungua filta kwa chini na kukinga kwenye chupa ya asali ya kioo, tukaiacha itulie. Kwa mtu kama mimi anayenunua dizeli ya madumu vijijini, maji hujitenga na kukaa chini yakionekana kama kiini cheupe, lakini safari hii hayakuwepo. Kisha mzee akanipa jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari la dizeli alijue: asubuhi inayofuata, kabla ya kugusa ufunguo, nibonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Nililala Ipole pua juu. Asubuhi pampu ilibonyea laini kama tumbo la chura, mara ishirini na zaidi, kisha ikakaza; nikapiga stata na injini ikawaka sekunde ya pili. Hapo hakuna tena ubishi. Usiku kucha dizeli ilikuwa inarudi kwenye tenki, na isingeweza kurudi bila hewa kuingia mahali fulani kuijazia nafasi, kama vile maji yasivyotoka kwenye mrija mpaka uachie kidole kilichoziba tundu la juu. Tenki liko nyuma, pampu iko mbele; pua ikiwa juu, dizeli ina mteremko wa kutosha wa kukimbilia.

Kujua kwamba hewa inaingia ni jambo moja, kujua inaingilia wapi ni jambo jingine, kwa kuwa mahali panapovuta hewa mara nyingi hapavujishi dizeli nje. Tulikata kipande cha mpira mweupe wa mafundi ujenzi, ule wa kupimia levo kwa maji, tukaufunga kati ya filta na pampu, injini ikawashwa, na tukaona viputo vikipita kimoja kimoja kama shanga. Baadaye mzee alitundika dumu la lita tano kwenye bomba la kushikia abiria, ambalo sikuwahi kuliondoa tangu enzi za gari hilo kubeba watu, akaliunganisha moja kwa moja na pampu. Tuliliegesha gari pua juu kwenye tuta la taka la mtaa, likalala hapo. Asubuhi likawaka mara moja. Siku iliyofuata dumu likahamishiwa nyuma ya filta, ili filta na pampu ya mkono navyo viwe njiani. Likawaka tena mara moja. Hilo lilimshangaza hata yeye, kwa kuwa pampu ya mkono ya magari haya ina mipira ndani inayokauka na kuvuta hewa, na alikuwa tayari amenitajia bei yake.

Kilichobaki ni njia ya kutoka filta hadi tenki, na njia hiyo niliichokonoa mwenyewe. Mwaka uliotangulia nilifunga tenki la ziada kwa ajili ya safari ndefu, likaunganishwa na lile la kwanza kwa kiungo cha njia tatu chenye vipande vya mpira na klipu. Tuliingia uvunguni. Vipande viwili vilikuwa vikavu na safi. Cha tatu kilikuwa kimefunikwa na vumbi lililoshikamana, unyevu mdogo tu, na kilipopindwa kwa vidole, nyufa zikafunguka chini ya klipu, nyembamba na nyingi, kama za kisigino wakati wa kiangazi. Ulikuwa mpira wa maji. Dizeli iliulainisha kwanza, klipu ikaukata ulipolainika, halafu joto la uvunguni likaumalizia. Niliyeununua ni mimi, dukani, nikiwa na haraka ya kuwahi mnada.

Kwa hiyo injini ya 1HZ, ambayo nilikuwa tayari kuifungua hedi, haikuwa na kosa hata moja. Friji ni ya nyumba, tenki la ziada ni la nyumba. Ninapoona mtu anageuza basi kuwa makazi siku hizi, macho yangu huenda kwanza kwenye waya na mipira aliyoongeza yeye, kabla ya kile kilichotoka kiwandani.

Tulibadilisha mipira yote mitatu kwa ile ya dizeli, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono, na tangu hapo nimelala Ipole pua juu, pua chini na pua kuelekea kwa mwenyekiti wa kijiji, gari likiwaka kati ya sekunde ya pili na ya tatu. Nimeendelea na daftari kwa mazoea. Kitu pekee kilichoandikwa pembeni kwa wino mwekundu ni hita plagi ya silinda ya tano, ambayo mita inaisoma tofauti kidogo na wenzake; nitaipima tena Juni, baridi itakaporudi.